Jino Lililopinda la Sajini

Mashine mpya mlizo nazo sasa, zinazochora, kukata na kukutumia ujumbe kwenye simu kwamba kazi imekwisha, mimi sikuwahi kuzitumia. Nilistaafu kabla hazijafika kwetu, na sina kinyongo nazo. Ila kila kijana wa fani yetu anayenitembelea hapa Mbuya huniuliza mlikuwa mnafanyaje na ile ya zamani, tena kwa sauti ya huruma, utadhani tulikuwa tunachonga meno kwa panga. Basi nitawaeleza. Mtanivumilia nikiruka huku na huku, maana mambo ya kazi hayanijii kwa mpangilio.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa meno. Si daktari. Daktari ndiye anayeingiza mikono mdomoni mwa mtu; fundi hukaa chumba kingine, mara nyingi mtaa mwingine, anatengeneza kofia za meno na madaraja, yaani yale meno kadhaa yaliyoungana ya kuziba pengo. Nilitoka Bungoma na cheti na sanduku moja, nikapata kazi kwenye maabara ndogo Nakawa, nyuma ya gereji, na humo ndimo nilimozeekea. Aliyenifundisha ni mzee mmoja tuliyemwita Ssalongo, jina ambalo Waganda humpa baba wa mapacha. Alikuwa mtu wa nta na kisu kidogo. Mwenye maabara alipoleta mashine ya kuchonga, iliyokwishatumikishwa miaka kadhaa na watu wengine, Ssalongo aliizunguka mara moja, akaisikiliza inavyokohoa, akaipa jina la Jajja, bibi mzee. Jina likashika.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Jajja hakujua kuchora. Alichojua ni kukata. Kuchora kulifanyika kwenye kompyuta nyingine, kwa programu iliyonunuliwa baadaye kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kusikia habari za Jajja. Kompyuta ya kuchorea ilikaa upande huu wa meza, kompyuta ya Jajja upande ule, na kati yao hakukuwa na waya. Kulikuwa na mimi na flashi. Nilichora jino huku, nikaliweka kwenye flashi, nikazunguka meza, nikaichomeka kule. Chekeni tu. Lakini karibu makosa yangu yote makubwa yalitokea katika kule kuzunguka meza, kwa sababu kila kompyuta ilidhani mwenzake ameshafanya jambo fulani, na aliyepaswa kujua ukweli ni mimi.

Chukueni habari ya zirkonia, ile kauri tunayokatia meno. Ile diski nyeupe, kabla haijachomwa, ni laini kama chaki, na ikiingia tanurini hunywea karibu moja ya tano. Kwa hiyo jino hukatwa likiwa kubwa kuliko linavyotakiwa, halafu moto unalirudisha kwenye saizi yake. Kila diski ina namba yake ya kunywea, imeandikwa ubavuni, na namba hiyo huingizwa mahali pamoja tu. Wiki yangu ya kwanza niliiingiza kwenye programu ya kuchorea. Nikazunguka meza. Kompyuta ya Jajja nayo ikaniuliza namba, nami kwa adabu zangu nikaijibu. Kofia ikatoka tanurini na ukubwa wa jino la ng'ombe. Ssalongo aliigeuza kwenye kiganja, wala hakucheka.

"Huyu mugonjwa anakula majani?" akauliza.

Akaiweka kwenye rafu juu ya sinki, ikakaa pale mpaka siku niliyoondoka. Tangu hapo namba niliingiza kwa Jajja peke yake, na niliiandika pia kwenye kipande cha karatasi ya gundi nikakibandika juu ya diski, kwa kuwa ile ya ubavuni huliwa mapema na biti, kile kisu kidogo cha mashine kinachozunguka na kukata.

Kosa jingine lilinichukua wiki mbili kuligundua. Programu ya kuchorea ilikuwa na orodha ya mashine, uchague yako, ili ijue biti zake ni nene kiasi gani. Jajja hakuwemo. Nikachagua mashine iliyofanana naye kwa sura. Kumbe ile ilikuwa na biti nyembamba sana, na biti ndogo ya Jajja ilikuwa nene karibu mara mbili. Kona zote nyembamba nilizochora, biti yetu haikuweza kuingia, ikaziacha zimejaa, na kofia zangu zikawa zinacheza juu ya jino kama kifuniko cha sufuria isiyo yake. Kwa wiki mbili nilikaa nikizikwangua kwa ndani kwa mkono, nikilaumu plasta tunayomiminia umbo la mdomo, nikilaumu madaktari. Ssalongo ndiye aliyeichukua biti, akaipima kwa kipimo chake cha chuma, kisha akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Nnyabo, wewe unachola na kalamu nyembamba, halafu unakata na kidole. Itaingia wapi?"

Niliingiza unene wa kweli kwa mkono, na kofia zikatulia. Nawaambia haya kwa sababu hata hizo mashine zenu mpya zina orodha, na siku moja mtachagua kitu kwa kuwa kinafanana.

Nilijifunza pia kumsikiliza Jajja. Biti ikiwa kali, sauti yake ni ya juu na haibadiliki. Ikianza kuchoka, sauti inashuka na kukwaruza, na hapo unabadilisha biti hata kama kihesabio kinasema bado. Kihesabio chenyewe kilikuwa kimeanza kuhesabu kwa mwenye mashine wa kwanza na hakuna aliyejua kukirudisha sifuri. Na Jajja akisimamishwa katikati ya kazi, iwe umeme umekatika au mtu amebonyeza kitufe chekundu, alisahau kabisa alikokuwa. Hakuendelea. Ulianza upya, mahali pengine kwenye diski, na kipande kilichoachwa kilikuwa cha kutupwa. Likumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Sasa Sajini Ocen.

Kwenye maabara mgonjwa hana sura. Ni karatasi yenye jina, rangi ya jino na sahihi ya daktari, pamoja na chapa ya mdomo. Karatasi ya Ocen ilitoka kwa Daktari Namara, mama mmoja mwenye kliniki hapohapo Nakawa. Mwanamume, askari, ameanguka na bodaboda, meno mawili ya mbele juu yametoka, mawili ya pembeni yamechongwa ili kushikilia daraja la meno manne. Kazi ya kawaida. Kwenye programu kulikuwa na akiba ya meno yaliyokwishachorwa, mazuri yote, kazi yako ni kuchagua. Nilimchagulia yaliyonyooka, yenye mabega ya duara, nikamkatia kwa zirkonia, nikayapaka mng'ao. Niliyapiga picha kabla ya kuyapeleka, na sikuwa na tabia ya kupiga kazi zangu picha. Daktari akayabandika kwa gundi ya muda, kama ilivyo desturi, aone kwa siku chache kama mgonjwa anayazoea.

Jumatano iliyofuata mlango ukagongwa. Alisimama mtu mrefu mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, ameshika kisanduku cheusi. Nikajua si mteja wetu, kwa sababu wateja wetu ni madaktari.

"Samahani, mama. Natafuta muntu ametengeneza hii meno."

Akafungua mdomo. Nikayaona meno yangu. Ndiyo mara ya kwanza kuyaona yakiwa na mtu nyuma yake.

"Ni mimi," nikasema.

"Kazi ni muzuri. Bibi yangu amefurahi, anasema nimekuwa kijana tena." Akafungua kisanduku, ndani mlikuwa na tarumbeta. "Lakini trampeti imekataa. Upepo inapita kwa pembeni. Sikia."

Akaiweka mdomoni, akavuta pumzi, na kilichotoka ni mvumo wa hewa na mlio wa kuku aliyekanyagwa. Ssalongo, aliyekuwa ameinamia nta yake kwenye kona, akainua kichwa.

Sajini alitueleza akiwa amesimama. Alikuwa mpigaji wa bendi ya askari tangu akiwa kijana aliyetoka Kitgum. Jino lake moja la mbele lilikuwa limepinda, limerudi ndani kidogo, na pembeni yake kulikuwa na upenyo. Mdomo wake ulijifunza kupiga juu ya jino lile. Sasa lilikuwa limenyooka, na midomo haikujua pa kukaa. Mkuu wa bendi alikuwa amempa mpaka Jumatatu.

"Jumatatu ananisikia. Kama haitoki, narudisha trampeti kwa stoo. Trampeti si yangu, ni ya bendi. Halafu wananipeleka kusimama kwa geti." Akakitazama kisanduku. "Mimi sijui kazi ingine, mama."

Nilitaka kumwambia arudi kwa daktari, kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyo, na pia kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nakiri. Meno yale yalikuwa kazi yangu bora ya mwaka, na mtu amekuja kuniambia yanalia kama kuku. Ssalongo ndiye aliyevuta kiti.

"Kalibu, ssebo. Kaa. Hilo jino yako ya zamani, lilirudi ndani kiasi gani? Onyesha na kidole."

Hakuweza kuonyesha. Nani anajua jino lake limerudi ndani kiasi gani? Alikuwa na picha moja kwenye simu, anacheka kwenye arusi ya ndugu yake, na picha haionyeshi unene. Njia ilikuwa moja tu. Jajja alijua kukata plastiki pia, ile tunayotengenezea meno ya muda, na plastiki haihitaji tanuri. Tungekata daraja la plastiki nene kupita kiasi, Sajini apige, tukwangue, apige tena, mpaka mdomo wenyewe useme. Kisha tupige skana kile kilichobaki na tukinakili kwenye zirkonia.

Fundi haruhusiwi kuweka kitu mdomoni mwa mgonjwa, kwa hiyo nilimpigia Daktari Namara. Alikuja Alhamisi saa ya chakula cha mchana, na koti lake na vifaa vyake kwenye mfuko. Alilitoa lile daraja zuri, akaweka la plastiki. Tulikaa uani, kati ya tangi la maji na ukuta wa gereji. Sajini anapiga noti moja. Anatikisa kichwa. Daktari anatoa daraja, ananipa, nakwangua kidogo nyuma ya jino la kulia, namrudishia. Noti ileile. Baada ya saa moja, fundi mmoja wa gereji akachungulia juu ya ukuta.

"Banange, sasa si mumalize wimbo? Mumetuwekea mwanzo tu tangu mchana."

Sajini akaiinua tena tarumbeta. Alikuwa amefumba macho. Mara ya ishirini na kitu, noti ikatoka nzima, ikasimama, ikakaa pale hewani bila kutetemeka, na gereji yote ikanyamaza nyundo. Akapiga na inayofuata, na inayofuata. Alipoishusha tarumbeta macho yake yalikuwa yamelowa, na Daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko.

"Hii," Sajini akasema. "Musiguse tena."

Daktari akamrudishia lile la kwanza aende nalo nyumbani, la plastiki akaniachia. Nililitazama kwenye kiganja. Lilikuwa baya. Jino la kulia limezama, lina bonde kwa nyuma na ukingo mmoja juu kuliko mwingine. Kama ningeletewa na mwanafunzi ningelirudisha.

Ijumaa asubuhi nikalipiga skana, likatokea kwenye kioo, kubwa, na ubaya wake wote. Na hapa ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu kosa hili halitatoka kwenye programu wala kwenye mashine. Mkono wangu ulishika kipanya ukaanza kusawazisha. Sikuamua. Miaka yote ile mkono wangu ulikuwa ukiona ukingo unalainisha, ukiona jino limezama unalivuta mbele. Nikajiambia ni mikwaruzo tu ninaondoa. Nikavuta kidogo hapa, nikajaza kidogo pale, nikahifadhi, nikazunguka meza. Nikaingiza namba ya diski, kwa Jajja peke yake kama nilivyofundishwa, na Jajja akaanza kukata.

Diski ile ilikuwa ya mwisho ya rangi ya Sajini. Nyingine zilikuwa njiani kutoka Nairobi na hazingefika kabla ya katikati ya wiki. Tena ilikuwa imekwishaliwa na kazi nyingine, ina nafasi ya daraja moja na kipande.

Jajja alikuwa amekata labda dakika ishirini. Nilikuwa nimesimama karibu naye, daraja la plastiki mkononi, nikilipapasa kwa dole gumba bila kufikiri. Dole likaingia kwenye lile bonde la nyuma. Nikageuka kutazama kioo. Bonde halikuwepo. Nilikuwa nimelijaza mwenyewe.

Hakuna aliyejua. Ssalongo alikuwa kwenye kona yake. Ningeweza kuacha, na Jumatatu kama noti isingetoka, nani angesema ni fundi? Wangesema ni mdomo, ni uzee, ni bodaboda. Nilifikiri hivyo kabisa, siwafichi. Kisha nikabonyeza kitufe chekundu.

Ukimya ule Ssalongo aliusikia kuliko kelele.

"Umeme?"

"Hapana. Nimesimamisha. Nililinyoosha lile jino."

"Kiasi gani?"

"Kidogo sana. Hakuna jicho lingeona."

"Mudomo yake ingeona," akasema, akainuka kutafuta kipimo chake.

Tuliitoa diski, tukapima nafasi iliyobaki. Daraja lilienea kama likilazwa kwa mshazari, na kati yake na shimo nililoharibu kungebaki ukuta mwembamba kuliko kitabu cha maelekezo kilivyoruhusu. Mashine zenu zingekataa, zingewasha taa nyekundu na kuwaambia mlete diski nyingine. Kompyuta ya Jajja iliuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikasema nina hakika, ingawa sikuwa nayo. Ssalongo akaniambia nipunguze mwendo wa kukata kwa nusu na niweke biti mpya. Nikanakili tena jino la plastiki, safari hii mkono wa kulia nikiukalia kila nilipomaliza kubonyeza. Bonde likabaki. Ukingo ukabaki.

Jajja alikata kwa saa mbili na ushei, na sisi wawili tulikaa mbele yake tukisikiliza. Ukuta ule ungevunjika tungesikia sauti ikibadilika. Haukuvunjika. Mchana tukaliingiza daraja tanurini, Jumamosi asubuhi nikalitoa, likakaa kwenye modeli ya plasta bila kucheza. Nikalipaka mng'ao, Daktari akaja kulichukua, akamwekea Sajini siku hiyohiyo.

Jumatatu ikapita. Jumanne. Sikupigiwa simu. Namba ya Sajini ilikuwa imezimwa, na Daktari naye hakujua lolote. Ssalongo alisema askari hutumwa popote, nisihangaike, lakini yeye mwenyewe aliuliza mara mbili kama simu ya ofisi inafanya kazi. Ijumaa nikashindwa kuvumilia. Daktari alikuwa ameniambia mke wa Sajini anauza odii, ile siagi ya simsim na karanga ya kwao kaskazini, soko la Kalerwe. Baada ya kazi nikaenda. Niliuliza wauzaji wawili watatu, nikaonyeshwa mama mnene mwenye ndoo tatu mbele yake na kijiko kirefu mkononi.

Nikamwamkia, nikasema natoka maabara ya meno ya Nakawa. Kijiko kikasimama.

"Ni wewe? Ni wewe ulichukua meno muzuri ya bwana yangu, ukamupa hii yenye imepinda?"

Nikasema ni mimi.

"Ile ya kwanza nilionyesha watu wote kwa kambi. Nilipiga picha. Sasa amerudi na meno ileile ya zamani, kama vile hakuanguka."

Ilinichoma, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeyapiga picha. Lakini sikuwa nimekwenda kwa ajili hiyo. Nikamuuliza, "Na Jumatatu, mama? Trampeti alirudisha stoo?"

Akachota odii, akaijaza kwenye kikopo, akakifunga kwa karatasi, akanisukumia bila kutaja bei.

"Arudishe wapi? Mukubwa wa bendi amemuachia, iko kwa nyumba. Anapiga asubuhi, anapiga akitoka kazi, watoto hawasomi, jirani amenuna, simu ameuza kununua mafuta ya kupaka hiyo chuma." Akachovya tena kijiko, akaanza kukoroga. "Siku ingine, dada, muachie meno muzuri, uchukue trampeti."